Na Mwenzake

Ukitaka karatasi yoyote iliyowahi kugongwa muhuri katika wilaya ile, karatasi ya talaka, ya mpaka wa shamba, ya mtu aliyemng'ata mwenzake sikio kilabuni, ulikwenda kwa Bwana Subiri. Hakimu alikuwepo, na mwendesha mashtaka alikuja siku mbili kwa wiki na begi lake lililotuna, lakini masjala ya mahakama ilikuwa ni yeye: karani mwembamba, kalamu mbili mfukoni, miwani imefungwa uzi sikioni. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao juu ya meza. Hakuna aliyelisoma, kwa sababu kabla macho hayajafika kwenye kibao ulikuwa umeshaambiwa usubiri.

Fundi alifika dirishani kwake Jumanne, siku ambayo mahakama haikai. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mshonaji, na soko zima lilimwita hivyo tu, Fundi, hata waliosoma naye. Asubuhi hiyo alivaa gauni alilojishonea kwa ajili ya safari, kana kwamba mafaili ya zamani yanajali mtu kavaa nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri."

Akasubiri. Karani alimaliza kupiga mstari kwa rula, akaupuliza wino ukauke, akaiweka rula sambamba na ukingo wa meza. Ndipo akainua uso.

"Natafuta faili la kesi ya jinai," Fundi alisema. "Ya baba yangu. Ni miaka thelathini na moja sasa."

"Mama, hapa kuna watu wanatafuta la mwezi uliopita na bado wanahangaika." Akamtazama vizuri. "Unataka kukata rufaa?"

"Alifia gerezani."

"Pole. Sasa faili la nini?"

"Nataka kusoma alichosema."

Bwana Subiri alizoea watu wa kila namna. Wapo waliotaka hukumu ya jirani wakamtangaze, wapo waliotaka jina lao lifutwe wapate kazi. Huyu wa kutaka maneno tu hakujua amweke fungu gani. Akamsukumia karatasi tupu aandike barua ya maombi kwa hakimu, akamwambia aandike na mwaka, na kosa, na jina la mshtakiwa, herufi kubwa.

Mambo yenyewe yalianza kwa suruali. Askari mmoja mstaafu alileta suruali ya kupunguzwa kiunoni, na wakati Fundi anampima, mzee akawa anajisifia: miaka kumi na miwili amesimama mlangoni mwa mahakama ile, ameona watu wanalia, wanazimia, wanatukana. "Na pale kila neno linaandikwa, binti. Mshtakiwa akikohoa, hakimu anaandika." Fundi aliacha utepe wa kupimia ukaanguka. Hakuwahi kuwaza kwamba maneno ya baba yake yapo mahali, yamekaa kwenye karatasi, umbali wa saa moja na nusu kwa baiskeli.

Maana kumtamani mtu usiyemkumbuka ni kazi ngumu. Hujui hata uanzie wapi. Mama yake alifariki Fundi akiwa bado ananyonya, baba akamlea peke yake mpaka alipofika miaka minne, na siku moja baba akakamatwa kwa kuiba mashine ya kuvutia maji kwenye shamba kubwa la ng'ambo ya mto. Miaka mitano jela. Mwaka wa pili ugonjwa ukamchukua, taarifa ikaletwa, mwili haukuletwa. Picha hakuacha. Alichobakiwa nacho Fundi ni shingo ya baba kwa nyuma, kama inavyoonekana na mtoto aliyebebwa mabegani, na harufu ya oili. Sauti haikubaki hata kidogo. Alipokuwa msichana alikuwa akisikiliza sauti za wanaume sokoni, anachukua moja anamjaribishia baba yake, kama koti lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na kila mara lilikuwa linapwaya.

Alikuzwa na Baba Mkubwa, kaka wa baba yake. Na tuseme ukweli, alikuzwa vizuri mno. Baba Mkubwa hakuoa. Alimsuka nywele mwenyewe kwa vidole vya mkulima, mistari inapinda kama njia ya mbuzi, akampeleka shule, akauza ng'ombe wake wa pekee kumnunulia cherehani. Lakini ukimuuliza habari za mdogo wake, mdomo ulikuwa mzito. "Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache," alisema, halafu akahamia kwenye mvua. Fundi alipomtajia faili, mzee alijibu akiwa anatazama sahani: "Mafaili ya zamani yaliungua."

Hakimu, mwanamke kijana mwenye haraka, aliisaini barua bila kuuliza kitu. Bwana Subiri akashusha madaftari matatu ya kesi za jinai, mapana kama meza ya kulia chakula, la mwaka ule, la mwaka uliotangulia na la mwaka uliofuata. Akakaa upande mmoja, Fundi upande wa pili, wakashuka na orodha kwa ncha ya rula, kwenye majina wakitafuta herufi ya kwanza ya jina la baba yake tu. Wizi wa kuku. Kujeruhi. Wizi wa kuku. Kutishia kuua kwa panga. Kuku tena. "Wilaya hii," Bwana Subiri alisema, "ingekatazwa kufuga kuku, mimi ningekuwa sina kazi." Fundi hakucheka, alikuwa ameshika roho mkononi. Walifika mwisho wa daftari la tatu saa nane mchana, na jina la baba yake halikuwepo.

"Huenda yaliungua," Fundi alisema.

Karani alivua miwani kama mtu aliyetukaniwa mama. "Yaliungua wapi? Mahakama hii haijawahi kuungua. Nina miaka ishirini na sita hapa, aliyenitangulia alikuwa na kumi na tisa. Kilichoingia humu kipo."

Alirudi nyumbani akikanyaga baiskeli polepole, na njiani likamwingia wazo ambalo mtu mzima hapaswi kuliwaza. Labda baba hakuwahi kuhukumiwa. Labda alipelekwa mahali pengine, akaachiwa, akaogopa kurudi, na sasa yupo mji fulani, mzee, anatengeneza mashine za watu. Alijikemea. Lakini kilomita nzima alikuwa naye huyo mzee, alimwona mpaka kofia, na alipofika kwenye geti ilimuuma kumwacha.

"Jina la baba halimo," alimwambia Baba Mkubwa. "Na karani anasema hakuna kilichoungua."

"Basi kama halimo, halimo." Mzee alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Waache wafu wapumzike."

Kilichomkaa Fundi kichwani si jibu. Ni kwamba Baba Mkubwa hakushangaa. Mtu akiambiwa jina la mdogo wake limepotea, anauliza limepoteaje. Yeye alionekana kama aliyetuliwa mzigo.

Alhamisi Fundi alikuwa dirishani tena. Safari hii hakuambiwa asubiri, na hilo lilimtisha kidogo. Karani alikuwa amemwekea kiti.

"Nimelala na jambo lako," alisema. "Nikuulize. Baba yako alishtakiwa peke yake?"

"Sijui. Hawajawahi kuniambia kuna mwingine."

Bwana Subiri akajipiga paji la uso. "Ndiyo hivyo. Kosa ni langu, nilipaswa kukuuliza juzi. Daftari letu lina mstari mmoja kwa kila kesi, na mstari hautoshi majina. Kwa hiyo wakiwa wawili tunaandika wa kwanza, halafu tunaandika 'na mwenzake'. Wakiwa watano, 'na wenzake'. Wa kwanza ndiye mwenye faili. Mwenzake hana jina mpaka ulifungue."

"Na nani anaamua wa kwanza ni nani?"

"Polisi. Mkubwa kwa umri, kawaida."

Walifungua daftari la mwaka ule, wakawa wanasoma mistari ya "na mwenzake" tu. Ilikuwa kumi na tisa. Kwenye wa kumi na mbili kidole cha Fundi kilisimama chenyewe. Kosa: wizi. Mali: mashine ya maji. Na jina la mshtakiwa, kwa wino wa bluu uliofifia, majina yote matatu kwa mpangilio wake, lilikuwa la Baba Mkubwa. Na mwenzake.

Karani aliona uso wa mgeni wake umebadilika. Hakuuliza. Alichukua ufunguo.

Mafaili ya zamani yalikaa katika iliyokuwa mahabusu, nyuma ya jengo, kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho paa lake halikuvuja. Nondo za dirisha zilikuwa bado zipo. Kuta zilikuwa na rafu za mbao mpaka darini, mafaili yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani, kila fungu na kipande cha boksi kilichoandikwa mwaka. Bwana Subiri alipanda ngazi, akapiga chafya mara sita, akalalamika kwamba panya wa humo wameshasoma sheria kuliko mawakili, akashuka na fungu moja kifuani amelikumbatia. Alilifungua sakafuni. Namba arobaini na saba, ile ya mstari waliouona daftarini, ilikuwa nyembamba, kurasa tisa, pembe moja imeliwa.

"Kaa pale kwenye mwanga," alisema. "Ukishindwa na mwandiko, niite. Hakimu huyu aliandika kama anakimbizwa."

Fundi alikaa kwenye benchi la saruji, akafungua. Ukurasa wa kwanza mashtaka. Ukurasa wa tatu walisimamishwa kizimbani.

*Mshtakiwa wa kwanza: Si kweli.*

*Mshtakiwa wa pili: Ni kweli. Nilichukua peke yangu. Kaka nilimkuta njiani nikamwomba anisaidie kusukuma mkokoteni. Hakujua kilichomo.*

Alisoma hapo mara nyingi. *Nilimkuta njiani nikamwomba anisaidie.* Alisogeza midomo, akayasema kwa sauti ya chini ndani ya chumba kile, apate kujua yanakaaje mdomoni. Yalikuwa maneno ya mtu mpole. Alifurahi mpaka akaogopa. Miaka thelathini na moja, na sasa baba yake amemwambia kitu, hata kama alikuwa anamwambia hakimu.

Akafungua ukurasa wa tano kwa pupa, kwa sababu karani alishamweleza: kabla ya adhabu, mshtakiwa huulizwa kama ana la kusema. Hapo ndipo watu hutaja wagonjwa wao na watoto wao. Hapo ndipo atakapomkuta.

Ilikuwa mistari miwili.

*Mshtakiwa wa pili alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu: Amesema maneno marefu kuhusu mtoto wake. Hayahusiani na kesi.*

Chini yake: *Kifungo miaka mitano. Shtaka dhidi ya mshtakiwa wa kwanza limeondolewa. Aachiwe huru.*

Fundi aligeuza ukurasa. Upande wa pili kulikuwa na orodha ya vielelezo. Mashine ya maji iliandikiwa mistari saba: rangi yake, namba iliyochongwa ubavuni, mahali ilipobonyea, boliti mbili zilizokosekana, mfuniko usio wa asili yake. Akarudi nyuma, akahesabu kurasa, akadhani moja imeanguka. Hazikuwa zimepungua. Ziliandikwa namba juu, moja hadi tisa.

"Mzee!"

Bwana Subiri alikuja, akainama, akasoma palipoonyeshwa. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Waliandika kwa mkono," alisema mwishowe. "Mkono unachoka. Wanaandika la maana kwa kesi."

"Mimi nilikuwa na miaka minne," Fundi alisema, na hapo akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia na kamasi, kwenye gauni lake jipya, kwa sababu baba yake, mtu wa maneno machache, alisimama mbele ya watu akasema maneno marefu juu yake, na mtu mwenye kalamu mkononi alimsikiliza mpaka mwisho na hakuona la kuandika.

"Nisamehe, mwanangu," karani alisema.

"Si wewe uliyeandika."

"Mimi ndiye ninayelitunza."

Alimwacha afute uso. Ndipo Fundi, akiwa bado ameshika ile karatasi, akaona jambo ambalo lilikuwa wazi muda wote. Hakimu hakuwa peke yake aliyesikia. Kizimbani walisimama wawili.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Baba Mkubwa alikuwa uani, amekaa kwenye gogo, anachonga mpini wa jembe. Alimtazama Fundi anavyoitupa baiskeli chini badala ya kuiegesha, na kisu kikasimama.

"Umelipata," alisema.

"Lipo kwa jina lako."

Mzee aliweka mpini chini taratibu. Alikuwa na miaka sabini na miwili na wakati ule ilionekana yote. "Nilijua kilichokuwa kwenye mkokoteni," alisema. "Kama ndicho unachotaka kuuliza. Nilijua, na wazo lilikuwa langu. Yeye alisema mtoto abaki na mtu, na mimi sikubisha."

"Hilo utaniambia siku nyingine." Fundi hakukaa. "Leo nina swali moja tu. Hakimu kaandika kwamba baba alisema maneno marefu kuhusu mimi. Hakuyaandika. Wewe ulikuwa umesimama naye hapo hapo. Alisema nini?"

Baba Mkubwa alipangusa maganda ya mti magotini. Fundi alisubiri. Angeweza kusubiri mpaka wiki ijayo.

"Sikusikiliza," mzee alisema.

"Hukusikia?"

"Nilisikia. Sikusikiliza. Hakimu alikuwa ameshasema, nimalizane na huyu kwanza, ndipo nije kwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nangojea kuachiwa. Yeye anaongea, mimi moyoni namwambia, nyamaza, mdogo wangu, nyamaza mambo yaishe. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Ya kwangu. Miaka yote hii nimetafuta neno lake moja tu nikuletee, na kila nikitafuta naikuta 'nyamaza'. Ndiyo maana nilikwambia yameungua."

Fundi alimchukia. Tusipake rangi: alimchukia yule mzee kwa moyo wote, kwa muda ambao kuku mmoja alivuka uwanja na kuingia jikoni. Kisha hakuwa na nguvu ya kuendelea.

"Hata neno moja, Baba Mkubwa? Aliniita nani? Alisema napenda nini?"

"Hata moja." Mzee alikuwa anatazama mikono yake. "Ila kuna mkono."

"Mkono gani?"

"Tulifungwa pingu moja. Yeye wa kulia, mimi wa kushoto. Kizimba cha pale hakikuwa na mlango, askari hakutufungua. Sasa yeye akafika mahali katika maneno yake, akataka kumwonyesha hakimu urefu wako. Akanyoosha mkono. Na wangu ukaenda nao."

Fundi alisogea. "Ulifika wapi?"

Baba Mkubwa alijishikiza kwenye ukuta, akasimama. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kiganja kimetazama chini. Aliupandisha kidogo, akatikisa kichwa, akaushusha, akafumba macho. Ulikwenda chini polepole, ukapita kiuno, ukasimama, na safari hii haukutafuta tena.

"Hapa," alisema. "Alikaa hapa muda mrefu. Mpaka kifundo kikaniuma."

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi la uwanja. Alitazama pale chini ya kiganja, mahali pasipo na kitu, ambapo baba yake aliwahi kumpima mbele ya watu. Mkono wa mzee ulianza kushuka kwa kuchoka.

"Usiushushe kwanza," alimwambia.